Bibi Nkwimba na Mashimo Nyuma ya Banda la Kuku

Mwanangu, ipo siku moja ambayo imekaa kichwani mwangu kama mgeni asiyejua kuaga. Ilikuwa mchana, na jua la Nyarugusu lilikuwa kali kiasi kwamba kuku wetu, naapa, walikuwa wanataga mayai ya kuchemsha. Nilikuwa natoka duarani, ndani ya shimo letu la dhahabu, mwili mzima umekuwa rangi ya udongo, nikamkuta bibi yangu amekaa kwenye kigoda mlangoni. Nikainama nikamwamkia kwa lugha yetu kama kila siku, "Mwadila, bibi."

Akaniangalia. Kisha akasema, "Shija, mbona umechelewa hivyo na ng'ombe?"

Shija alikuwa babu yangu, mume wake, na alizikwa kabla mimi sijaota meno. Ng'ombe nao hatukuwa nao hata mkia. Nikageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu.

Ni vizuri umjue kwanza Bibi Nkwimba ndipo uelewe nilivyochanganyikiwa. Huyu alikuwa na kichwa cha ajabu. Ng'ombe akipita barabarani, bibi anakutajia mama yake, nyanya yake, na harusi aliyotolewa mahari. Watu wakigombania mpaka wa shamba walikuja kwake kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, naye anawaambia mti gani ulikuwa wapi na nani aliukata. Mtu wa namna hiyo, juzi yake tu alikuwa amenikemea kwa kuvaa shati nyuma mbele, leo ananiita kwa jina la marehemu.

Tuliishi watatu pale nyumbani: bibi, mimi Masanja, na Kulwa, mwenzangu wa kuchimba. Mimi na Kulwa tulikuwa vijana wasio na wake, tunachojua ni sururu na ugali. Miezi ya nyuma Kulwa alikuwa ameokota jiwe lenye dalili ya dhahabu uani, kati ya nyumba na choo, basi tukafungua duara palepale. Halikutoa kitu, nasi tukaliacha wazi na vifusi vyake, maana mchimbaji hafukii shimo, anahamia jingine. Ukitaka kwenda chooni unazunguka kifusi, unaruka ubao, unafika. Sisi tuliruka kama mbuzi. Naomba hilo ulishike, tutalirudia.

Jioni ya siku ile bibi aliniita Masanja vizuri kabisa, akaniuliza kama nimekula. Nikajisemea, ah, alikuwa usingizini. Asubuhi akakataa uji, akashinda anasinzia. Mchana akaanza kuzungumza na watu nisiowaona, anavuta-vuta nguo yake na kuokota vitu hewani. Nikamgusa paji la uso. Halikuwa na moto. Hakulalamika popote kunauma.

Kulwa ndiye aliyepata jibu, na Kulwa alikuwa hodari sana wa majibu. Tulikuwa tunakunywa chai, bibi akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya banda la kuku. "Shija, pale," akasema kwa sauti ya chini. "Pale ndipo penyewe. Nipeleke pale. Usimwambie mtu."

Kulwa akaweka kikombe chini taratibu. "Masanja, umesikia?"

"Nimesikia."

"Anamwita babu yako. Anaonyesha mahali. Anasema tusimwambie mtu. Wewe ulitaka mizimu ikuandikie kwa chaki?"

"Bibi anaumwa, Kulwa."

"Anaumwa nini? Ana homa? Anatapika? Huyu amefunguliwa, bwana. Kuna watu wanachinja ng'ombe mzima wapate kuonyeshwa mwamba, wewe unaonyeshwa bure umekaa juu ya ndoo."

Sijui nikueleze vipi, mwanangu. Sikuamini, na sikukataa. Ukiishi machimboni, ndoto ya mtu yeyote ni habari. Basi tukabomoa banda, kuku wakakaa juu ya paa kama wajumbe wa mkutano, tukachimba. Udongo tuliubeba kwenye viroba mpaka mwaloni, kule tunakooshea dhahabu, tukauosha kwa maji safi tuliyoyabeba kwa mabega. Hatukupata hata cha kung'aa kama jicho la mjusi. Tukachimba pembeni yake.

Siri ya machimboni inatembea kuliko basi la Mwanza. Wakaja wachimbaji wa maduara ya jirani, watu wenye vifua kama milango, wakapiga magoti mbele ya bibi, "Mwadila, mayu," yaani mama, sauti laini kama wanaposa. Yeye akaonyesha palepale nyuma ya banda, nao wakachimba mashimo yao kando ya yetu. Mara nyingine alijaribu kuinuka aende mwenyewe, anayumba, nasi tukamrudisha kwenye kigoda kwa heshima zote, tukimwambia, usijisumbue bibi, vijana tupo.

Majirani nao walikuwa na maneno yao. Mama mmoja aliyeleta mboga akasema, "Uzee huo, Masanja, mwache, atarudi kuwa mtoto." Nikafikiri, lakini uzee unamwingiaje mtu ghafla siku ya Jumanne? Halafu shimo la jamaa mmoja wa duara la jirani likabomoka ukuta, nusura limvunje mguu, naye akaja akasimama uani kwetu na wenzake. Hakupiga goti safari hii.

"Tumechimba alikosema," akasema. "Hakuna kitu. Sasa na maduara yetu yanabomoka. Anaongea na wafu mchana kweupe. Na macho yake hamjayaona yalivyo mekundu?"

Hakumaliza, na hakuwa na haja. Mwanangu, kwetu huku, ajuza kutajwa macho mekundu si utani. Zipo nyumba ambazo maneno hayo yakishasemwa, kinachofuata ni panga. Kulwa akasogea akasimama kati yao na bibi. Mtu aliyekuwa mzimu wa baraka asubuhi, alasiri amekuwa mchawi, na mimi mjukuu wake bado sijajua ana nini.

Ndipo akaingia Shangazi Mbuke, binti yake bibi, anatoka Kagongwa anakofanya biashara ya mchele. Hakuwa ameitwa na mtu, alikuja kumletea mama yake mchele mpya. Akasimama, akatazama mashimo, akatazama kuku juu ya paa, akawatazama wale wanaume.

"Kuna msiba?" akauliza.

Kulwa akaanza kumweleza habari ya mizimu na dhahabu, shangazi hakungoja amalize. Akapiga magoti kwa mama yake, "Mwadila, mayu," akamshika uso. Akamfungua midomo. Ulimi ulikuwa umekauka, umepasuka kama bwawa la kiangazi. Akainusa kanga yake, akanigeukia.

"Amekunywa maji lini?"

Nikamtazama Kulwa, Kulwa akanitazama mimi.

"Anakojoa?"

"Shangazi, mambo hayo mimi..."

"Mnajua anapoota dhahabu, hamjui kama anakojoa," akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana iliniingia. "Mimi sijui mama yangu ana nini. Lakini mtu aliyekauka hivi hapelekwi kwa mganga wa ramli, na hakai kusubiri maneno ya wanaume waliosimama. Leta baiskeli."

Wale jamaa wakapisha. Tulimfunga bibi mgongoni kwangu kwa kanga, mimi nikakaa kwenye karia, Kulwa akaishika baiskeli usukani na kusukuma, shangazi anatembea pembeni akimlowesha midomo kwa kitambaa. Kulwa alisukuma ile baiskeli mpaka nadhani tulipita magari mawili ya mawe.

Kwenye kituo cha afya, daktari alimpima malaria, sukari, presha, akataka na mkojo. Ukapatikana kidogo, rangi ya chai isiyo na maziwa. Akaniuliza jambo moja ambalo sikulitegemea: "Kuchanganyikiwa huku kumeanza kidogo kidogo kwa miaka, au ghafla?"

"Ghafla," nikasema. "Mwanzo wa wiki alinikemea shati."

Akasema bibi amepungukiwa maji mwilini na ana maambukizi kwenye njia ya mkojo. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Nikamwambia, daktari, samahani, mkojo uko chini, kichwa kiko juu, vimekutana wapi? Akacheka kidogo. Akasema kwa kijana ugonjwa huo unawaka, unaunguza, unaleta homa. Kwa mzee mara nyingi homa haionekani, maumivu hayasemi, na dalili ya kwanza kuonekana ni akili kuyumba: mara yupo, mara hayupo, mchana analala, anaona watu. Macho aliyatazama kwa tochi, akauliza tunapikia nini. Nikasema samadi kavu, maana kuni hakuna. "Basi huo ni moshi," akasema, "na mtoto wa jicho ameanza." Nilitamani wale wanaume wangekuwepo wasikie.

Bibi alitundikiwa maji, akapewa dawa. Hakurudi mara moja kama taa ya umeme. Alirudi kama mtu anayekuja kutoka mbali kwa miguu: leo jina langu, kesho jina la shangazi, mpaka siku alipomwambia muuguzi kwamba ng'ombe wa baba yake walitoka Bukombe na wawili walikuwa tasa. Shangazi alilia, mimi nikatoka nje kujifanya natafuta baiskeli.

Tuliporudi nyumbani akasimama uani ameshika bega langu. "Nani amechimba nyuma ya banda?"

"Wewe ulituonyesha, bibi," Kulwa akasema. "Ulisema pale ndipo penyewe. Tusimwambie mtu."

Bibi akakaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu kicheko kikaisha, akaongea akitazama ardhi. Alisema tangu tuchimbe lile duara la njiani, chooni hakufiki. Aliwahi kuanguka kwenye kifusi, akajizoa mwenyewe. Mkojo nao siku hizi haungoji, ukiita umeita. Akawa anajisitiri nyuma ya banda la kuku, na ili asiende mara nyingi akaacha kunywa maji. "Ningewaambiaje? Nyie wanaume, tena wajukuu zangu. Mtu mzima kama mimi."

Kulwa alikuwa anafikiri. Nikaona uso wake unabadilika pole pole. "Masanja," akasema, "ule udongo tuliubeba kwa mabega."

"Nyamaza, Kulwa."

"Tuliuosha kwa mikono."

Siku hiyohiyo tulifukia lile shimo la njiani, tukachimba choo kipya hatua chache tu kutoka mlango wake, tukaweka nguzo ya kushika, na ndoo yenye mfuniko ndani kwa ajili ya usiku. Yule jamaa wa duara la jirani alipopita, bibi alimwita kwa jina la ukoo wake, akamuuliza habari ya mguu. Yule bwana alipiga goti, na sikumwona tena akitaja macho ya mtu.

Sasa sikia, mwanangu. Mzee akibadilika ghafla, usitafute maana, tafuta kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama hana homa. Akisahau kidogo kidogo kwa miaka, huo nao ni ugonjwa wenye jina na msaada wake. Mpeleke, usiseme ni uzee tu. Mwulize maji, maana kiu ya uzeeni inasinzia. Mwulize choo, na kama wewe si mtu wa kuulizwa hayo, mtafute anayeweza kumwuliza bila kumwaibisha. Dawa zote anazomeza, za duka na za mizizi, zipeleke pamoja naye. Na itazame njia anayopita kwa miguu yake yeye, si kwa yako.

Mimi sasa umri wa bibi nimeufikia, na kwa hesabu zangu nimeupita kwa karne moja hivi. Siku nikikuita kwa jina la marehemu na kunyoosha mkono nyuma ya banda la kuku, usilete sururu. Lete maji, kisha nishike mkono unipeleke.

Mungu akupe macho ya kuwaona wazee wako kabla hawajaomba. Na wewe akujalie uzeeke katika nyumba ambayo njia ya kwenda chooni hakuna aliyeichimba.