Siku Bodi Ilipovunja Kamati ya Kisima Chetu

Nilifika Bongwe kufyatua matofali, nikakodi chumba karibu na kisima. Kwa vile sikuweza kupita mbele ya pampu bila kuuliza maji yale yanatoka wapi, nikajikuta mjumbe wa kamati. Aliyenitia ni mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, ndiye aliyekuwa ametoa ardhi ya kisima.

"Shule ameiacha," aliwaambia wenzake, "lakini maswali hakuyaacha. Tumweke."

Kamati iliundwa na bodi ya maji wakati kisima kilipoanza kuingia chumvi. Kazi yetu ilikuwa kuitunza pampu na kuangalia kama maji yatarudi kuwa matamu. Hayakurudi. Sabuni ilikataa kutoa povu, chai ya maziwa ikawa inakatika sufuriani, na majirani wakaanza kununua maji ya madumu kutoka Ukunda. Sisi tuliendelea kukutana, na kila tulipokutana mwenyekiti alituomba tungoje mvua nyingine.

Nilidhani ni ubishi tu, mpaka asubuhi moja nilipomkuta akifagia kando ya pampu nikamuuliza. Akanieleza kwamba kisima kile alikitoa kwa ajili ya mwanawe aliyefariki akiwa kijana. Kilikuwa sadaka jaria: maadamu watu wanakunywa, marehemu anaendelea kuandikiwa thawabu kaburini. Aliyasema hayo bila kuacha kufagia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya dukani.

Kisha bodi ikamtuma afisa wake, dada mmoja aliyekuja kwa pikipiki. Aliwaamkia wazee shikamoo, akakaa nasi mkekani. Alisema kamati huvunjwa pale kazi yake inapokuwa imekwisha, na hilo alitaka kulisikia kutoka kwetu wenyewe. Akauliza kama yuko yeyote ambaye bado anayanywa maji yale.

"Dada," alisema mjumbe mwenzetu, muuza samaki, "sisi twalinda maji ambayo mbuzi wangu ameyasusia."

Tulicheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Mimi nayanywa," alisema.

Yule dada alimtazama, halafu akaitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba hadi vifundo havionekani. Sote tulikuwa tumeizoea miguu ile, hatukuwa tukiiona tena.

"Mama, una presha?"

"Ninayo."

"Na hospitalini wamekwambiaje kuhusu chumvi?"

"Wameniambia niiache. Lakini nikiacha mimi, atakunywa nani?"

Muuza samaki aliinama akawa anachezea ukindu wa mkeka. Dada wa bodi alisema kwa sauti ya chini kwamba kamati imevunjwa tangu siku ile na pampu itang'olewa. Nilipomsindikiza kwenye pikipiki aliniambia kwamba alikuja akiwa na nia ya kutuongezea muda hadi mvua za vuli. Alikuwa amebadili nia pale mkekani.

Mafundi walikuja, wakaifungua pampu, wakaziba mdomo wa kisima kwa zege. Mwenyekiti aliwapikia chai, safari hii kwa maji ya kununua. Walipokwisha kuondoka aliniita.

"Mwanangu, wewe wajua kuuliza. Niulizie kwa imamu kama thawabu za mtoto zimekatika."

Nilikwenda msikitini nikauliza. Imamu alinijibu kwa upole: kilichokwisha kunywewa kimeandikwa, na Mwenyezi Mungu hapotezi nia ya mja wake. Nikarudi nikamweleza neno kwa neno.

"Umemwambia kisima kimezibwa?"

"Nimemwambia, mama."

"Na kwamba shamba jingine la kuchimbia kisima sina?"

"Hilo sikumwambia."

Akanirudisha. Imamu akajibu vilevile. Mama akasikiliza, akaitikia inshallah, na kesho yake akaniuliza tena.

Matofali yalipokwisha nikapata lori la kwenda Samburu, kazi ya kupakia mifugo. Nilipokwenda kumuaga hakuniuliza nitarudi lini. Aliniagiza tu kwamba nikifika huko, nimuulize na imamu wao.

Nilimuuliza. Nimewauliza na wengine niliowakuta njiani, na jibu lao ni lile lile moja. Sijarudi Bongwe kumpelekea, kwa sababu sijui nitamwambia nini akiniuliza tena.