Masikio ya Mpui

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwenye intaneti kafe ya mjini Sumbawanga. Huko nikatamani cheti cha usalama cha kidijitali, kinachothibitisha kwamba barua pepe yako imetoka kwako kweli. Kilitolewa bure na chama cha mtandaoni nilichojiunga, ila sharti mwanachama mwenzako akuone ana kwa ana na akague vitambulisho vyako. Wa karibu aliishi Mbeya. Alipokuja kikazi nikamleta nyumbani, nikihofia kukosea, maana jioni hiyo anaondoka.

Kitambulisho changu cha kupigia kura kilikuwa kwenye sanduku la mama. Mgeni akamwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba, lakini sanduku hakulifungua.

“Mwanangu, karatasi zako unampa huyu? Yeye anajulikana na nani?”

Mgeni akatoa pasipoti. Mama akaitupia jicho.

“Picha hata mwizi anayo. Kwenu wapi, baba?”

“Mbeya, mama. Ila bibi mzaa mama ni wa Mpui, huku huku kwenu.”

Mama akamwita jirani yetu, mzaliwa wa Mpui. Wakamhoji habari za bibi yake mpaka chai ikapoa. Mwisho jirani akamgeuza kichwa.

“Masikio ya bibi yake haya. Mfungulie.”

Mama akafungua sanduku, mgeni akalinganisha picha ya kitambulisho na uso wangu. “Ndiye wewe?”

Nikasita, nikitafuta jibu lisilo na kosa.

“Ndiye,” mama akacheka. “Nani mwingine angeogopa swali hilo?”

Mgeni akatia sahihi kwenye fomu yangu ya cheti.