Mpira Unaoshuka

Mama yangu hakuwahi kuelewa nilikuwa nikicheza nini. Kwetu Marungu ukisema mtu anacheza mpira, ni ule wa miguu, na hakuna anayeuliza mara mbili. Kwa hivyo miaka yote niliyocheza mpira wa kikapu, shuleni na baadaye chuoni Voi, Mama aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba mwanawe ni mchezaji mpira, nao wakaniombea nifunge mabao. Nilimsahihisha mara ya kwanza na ya pili, kisha nikachoka. Nikajiambia potelea mbali, mpira ni mpira. Upuuzi mtupu.

Nina futi sita na inchi tano. Urefu huo uliniponza utotoni, maana kila sare ya shule iliniishia katikati ya miguu, lakini chuoni ulinipatia mtu wa kunithamini. Alikuwa mwalimu wetu wa masomo ya umeme, ambaye jioni alifundisha kikapu bila kulipwa, kwa kupenda tu. Yeye ndiye aliyenitengeneza. Kila nilichojua kwa mikono hii alinitia yeye, na kitu alichonitia kwa nguvu zaidi ni sheria moja.

Katika kikapu, mpira uliorushwa ukifika juu na kuanza kushuka kuelekea kwenye ringi, mlinzi haruhusiwi kuugusa. Ukiugusa, mpinzani anapewa pointi zake kana kwamba umeingia. Wafupi hawana haja na sheria hiyo, hawafiki. Mimi nilifika, na nilikuwa naivunja kila mechi. Mwalimu akaamua kunikomesha. Alinisimamisha chini ya ringi na kurusha mipira mmoja baada ya mwingine: unaopanda niupige, unaoshuka niuache. Nikigusa unaoshuka, nizunguke uwanja katika lile jua la Voi lisilojua saa kumi wala saa sita. "Ukishuka si wako!" alikuwa akipiga kelele. "Ukishuka si wako!" Baada ya miaka miwili mikono yangu ilikuwa ikijirudi yenyewe bila kuniuliza.

Mwaka wangu wa mwisho, siku ya kufungua muhula, tulikuta lori limemwaga mchanga na kokoto katikati ya uwanja wetu wa kikapu. Nguzo moja ilikuwa imeshang'olewa. Darasa lingejengwa hapo, tukaambiwa, na kwenye michezo ya vyuo ingekwenda timu ya kandanda peke yake kwa kuwa pesa zilitosha timu moja. Hadi leo nikipita pale hasira inanipanda. Darasa lenyewe halijaezekwa.

Si kwamba nilikuwa nalilia mchezo tu. Kwenye michezo ile huja kila mwaka mtu kutoka timu moja ya askari, ya kikapu na kandanda, inayoajiri wachezaji wake. Akikuchagua amekupa kazi: unacheza, unavaa sare, una mahali pa kulala na pa kuzeekea. Wawili waliotutangulia kwenye kikapu walichukuliwa hivyo hivyo. Mimi sikuwa na mpango mwingine, na Mama alijua hivyo. Mafundi wa umeme wenye vyeti kama changu walikuwa wamejaa Voi nzima wakichajia watu simu.

Mwalimu hakukubali. Alinishika mkono tukaenda kumtafuta kocha wa kandanda, tukamkuta kwenye kibanda cha chai nje ya geti, anachovya mandazi.

"Kocha, huyu anaweza kuwa kipa?"

Kocha alinitazama kuanzia viatuni, taratibu, hadi shingo ikamkataa. "Mikono anayo," akasema. "Miguu tutamkopesha."

"Ako na miezi miwili."

"Miezi miwili ni ya kujifunza kuanguka tu, Mwalimu." Akachovya tena. "Haya. Kesho saa kumi. Na usikuje na hizo viatu za kuruka-ruka."

Alisema kweli kuhusu kuanguka. Kikapu ni mchezo wa kubaki wima, na uwanja wetu wa kandanda ni kokoto nyekundu. Nilichunika nyonga zote mbili, nikawa nalala kwa tumbo. Nikidaka mpira nilikuwa naudunda chini mara tatu nne nikitafuta wa kumpa, na washambuliaji wakaja kuunyakua miguuni mwangu huku wakicheka. Mipira ya chini ilinipita katikati ya miguu kama kuku. Lakini krosi zote zilikuwa zangu. Kona ikipigwa, beki wetu wa kati, kijana kutoka Mraru mwenye mdomo mrefu kuliko mimi mzima, alikuwa anawaambia wapinzani, "Tulieni tu, huyu anadaka hadi ndege." Wiki ya tano nilianza kujiona kipa.

Kisha tukaenda Njukini kwa mechi ya kirafiki. Uwanja ulipakana na shamba la maharagwe, na mpira ukitoka tulibembelezana na mwenye shamba. Mshambuliaji wao mmoja aliona nimesogea mbele, akauchopa mpira kwa ncha ya kiatu. Ukapanda polepole, ukafika juu, ukaanza kushuka kuelekea langoni. Nilikuwa nimeshauwahi. Mikono ilikuwa juu, ilikuwa inaufikia. Halafu ikajirudi. Mpira ukaniangukia nyuma, ukaingia.

"Jua liliniingia machoni," nikawaambia. Waliniamini.

Siku tatu baadaye nikarudia mazoezini, na siku hiyo kulikuwa na mawingu. Kocha akanisogelea. "Wewe unaogopa?" Hapo ndipo nilipoelewa nina ugonjwa gani, nikamweleza ile sheria. Alicheka mpaka akashika magoti. Alipoona mimi sicheki, akaacha.

Aliyeitwa kunitibu ni Mwalimu. Nani mwingine? Yule yule, jioni zile zile, alisimama mbele ya lango akirusha mipira ipite juu ya kichwa changu, na sasa alikuwa akipaza sauti, "Ukishuka ni wako! Ukishuka ni wako!" Sauti ilikuwa ile ile. Nilikuwa nasikia maneno mapya kwa masikio, na mikono inasikia ya zamani. Tukaendelea hadi katika mipira kumi nikawa naacha mmoja tu. Mwalimu alisema mmoja si kitu. Mimi niliona ni kitu, lakini hatukuwa na siku nyingine.

Mechi za vyuo zilichezewa Voi, na Mama akashuka kutoka Marungu kuniona nikicheza kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hatimaye nilikuwa nacheza mpira anaoujua. Alikuwa ameniletea glavu za kipa alizozitafuta kwenye mitumba ya soko, za kijani, kubwa hata kwangu. "Nilimwambia muuzaji mikono yako ni kama sahani," akasema. Nikazivaa.

Mtu wa ile timu alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kibendera cha kona, na daftari mapajani. Tulipata bao mapema. Mimi nilidaka kila kitu. Kuna mkwaju mmoja niliuondoa kwenye pembe ya lango, uwanja mzima ukainuka, na wakati wa mapumziko kocha akanijia mbio. "Ameuliza jina yako! Ameuliza na mwaka wa kuzaliwa!" Mwalimu alikuwa nyuma yake, anafuta miwani kwa shati. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Nilijiona nimevaa sare.

Zilibaki dakika chache. Mchezaji wao alipiga mpira wa juu kutoka mbali, na sidhani hata alilenga goli. Ulipanda sana. Nilirudi hatua mbili, nikasimama chini yake, nikainua mikono. Hapakuwa na mtu wa kunisukuma wala jua la kusingizia. Ukafika juu kabisa, ukaanza kushuka, na mikono yangu ikajifunga kifuani kwa adabu, kama ilivyofundishwa.

Wakasawazisha. Muda wa nyongeza wakatufunga lingine, bao la kawaida, lisilo na kosa la mtu. Nilipotazama kwenye kona, kiti cha plastiki kilikuwa kitupu.

Kocha alimkimbilia yule mtu getini. Aliporudi hakutaka kuniambia alichoambiwa, ila yule beki wa Mraru alikuwa amesikia. "Amesema uko na mwili, lakini huna moyo. Ati uliogopa." Mdomo wake wote ule, akasema hivyo tu na kwenda kuvua njumu.

Tulitoka uwanjani watatu, Mama, Mwalimu na mimi. Watu waliotupita walikuwa wanabishana kama nilikuwa mzito au mwoga. Mama ndiye peke yake aliyekuwa ameona.

"Mwanangu, mbona uliirudisha mikono? Ulikuwa umeufikia."

"Nilifundishwa ukishuka nisiuguse, Mama."

"Ni nani alikufundisha kitu kama hicho?"

Mwalimu alikuwa upande wa kushoto wa Mama, akitembea na kofia mkononi. Mama alimgeukia ili amsaidie kushangaa, akaona uso wake, akatazama mbele.

Mwaka ule michezo iliisha, na mimi nikamaliza chuo. Kikapu hakikurudi. Sasa nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi. Mwenye duka aliniajiri siku niliyoingia kuuliza bei ya waya, kwa sababu nilimshushia katoni ya juu bila ngazi. Hiyo ndiyo kazi yangu, kushusha vitu. Watu huuliza kama mchezaji wa kikapu anaweza kuhamia kandanda, maana Mwalimu amewasimulia, naye bado anaamini jibu ni ndiyo. Mimi nawaambia waniache nifanye kazi.

Mwezi uliopita nilipanda nyumbani Jumapili. Tembo walikuwa wameangusha ua wa zizi la mbuzi, na nilimkuta Mama akiburuta matawi ya miiba kuliziba. Alikuwa amevaa zile glavu za kijani.

"Zinafaa kweli," akasema. "Mwiba haupenyi." Kisha akasita na kuanza kuzivua. "Ama bado unazitaka?"

Nikamwambia abaki nazo. Nikainama, nikashika tawi kwa mikono mitupu.