Blanketi la Kompresa

Mwezi wa sita Mbeya hauna adabu. Baridi inaingia karakana bila kupiga hodi. Bosi wetu, mzee wa kanisa kutoka Iringa, aliisikia kompresa yetu ya upepo ikitetemeka asubuhi akaihurumia. Akaleta blanketi la kwake nyumbani, lenye picha ya simba, akaifunika gubigubi, tangi na mota pamoja. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Fundi mwenzangu akasema hata mama yake mzazi hajapata blanketi zuri vile.

Kazi yetu ilikuwa kupima valvu za breki za malori. Unaifunga valvu kwenye meza ya majaribio, unaijaza upepo wa kompresa, unafunga koki, unatazama sindano ya geji inayopima nguvu ya upepo. Sindano ikishuka, valvu inavuja. Ikitulia, dereva anachukua valvu yake na kwenda kuteremka mlima wa Mbalizi.

Tangu blanketi lije, sindano ilikuwa na tabia njema kupita kiasi. Kila valvu ilifaulu. Baada ya kupima, sindano ikichelewa kurudi sifuri, tuligonga kioo kwa kidole, kama watu wanavyogonga redio. Bosi aliita hali hiyo baraka. Mimi baraka za breki siziamini.

Asubuhi moja akaja dereva mwenye shehena ya mchele wa Ubaruku. Valvu yake ikafaulu. Nikaifungua nimpe, nikatazama geji kabla ya kugonga. Meza ilikuwa tupu, upepo umetoka wote, na sindano bado iko juu, inaapa kwamba hakuna kinachovuja.

Nilipandwa na hasira. Nikaifungua geji, nikakuta maji na kutu vimeikwamisha sindano. Tangi likiwa la baridi, unyevu wa upepo hubaki chini yake kama maji, nasi huyatoa kila asubuhi. Hili letu lilikuwa limelala joto chini ya simba, kwa hiyo mvuke ulipita wote, ukageuka maji kwenye bomba na kwenye geji. Bosi akaanza kulitetea blanketi. Nikamwambia kompresa haipati mafua, inataka kupumua.

Nikafunga geji mpya, tukaipima valvu ile ile. Sindano ikashuka kama mlevi wa ulanzi anayetafuta kitanda.

Dereva aliitazama mpaka ikafika chini, akaniuliza taratibu.

"Dada, na wale walionitangulia?"

Kicheko changu kiliishia hapo. Bosi alilivuta blanketi mwenyewe, akaketi nalo mapajani, akatoa simu yenye namba za wateja. Tukapiga mmoja mmoja, tukiwaomba wapaki na warudishe valvu. Walitutukana sana, na kila tusi nililifurahia, kwa sababu maiti hatukani.

Mmoja hakupokea mpaka jioni. Alipopokea alikuwa ameshafika chini ya mlima, akauliza ni mpumbavu gani anayempigia mtu simu kwenye mteremko.  Bosi alikuwa amefunika uso kwa blanketi la simba, analia.