Chupa Zangu za Minyoo

Watu wakinikaribisha juisi ya pasheni mimi husema tumbo haliitaki. Uongo mtupu. Tumbo langu halina neno. Ni roho inayochefuka, na imekuwa ikichefuka tangu miaka ya themanini mwishoni, nilipokwenda Kitale kwa mafunzo ya walimu wa sayansi.

Wakati huo nilikuwa nafundisha bayolojia katika shule ya kutwa upande wa Malakisi. Maabara tulikuwa nayo kwa jina. Mlangoni iliandikwa MAABARA, na ndani mlikuwa na madawati mabovu na magunia ya mahindi ya githeri, chakula cha mchana cha wanafunzi. Hadubini nilikuwa naichora ubaoni kwa chaki: hapa unaweka jicho, hapa unazungusha. Wanafunzi walichora mchoro wa mchoro wangu, wakaenda nao nyumbani wakidhani wamesoma. Siku ya mtihani wa vitendo tuliazima hadubini moja shule ya jirani. Msichana aliyekuwa hodari kuliko wote niliowahi kufundisha alisimama mbele yake akitetemeka, hajui ashike wapi, mpaka muda wake ukaisha. Alianguka somo hilo. Nilipomwona tena alikuwa shambani anachuma tumbaku, akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo Madam," nami nikakosa pa kuweka uso.

Basi nikasikia habari za mafunzo hayo ya Kitale. Miezi tisa, walimu kumi na wawili kutoka wilaya zetu za magharibi, wafadhili wa ng'ambo ndio wanaogharamia. Kila mwalimu anafanya mradi wake, na akifaulu, shule yake inapewa hadubini mpya. Niliomba, nikachaguliwa. Mtoto wangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama mkwe aliuliza, "Na huyu je, utarudi lini kumwona?" Kabla sijajibu alikuwa ameshamfunga mgongoni kwa leso, akanipa kisogo.

Mkuu wa mafunzo alikuwa mwanamume nadhifu mno. Koti lake jeupe lilipigwa pasi hadi mikono, na mfukoni mlikaa kalamu tatu. Neno lake la kila siku lilikuwa moja: "Walimu, sayansi ni usafi." Nilimpenda, sitaficha. Niliandika nyumbani kwamba nimepata mwalimu wa walimu.

Mradi wangu ulikuwa minyoo. Msicheke. Watoto wa kwetu walikuwa wanajaa tumbo kama ngoma na wazazi wanasema ni kijicho cha jirani, nami nilitaka wamwone adui kwa macho. Kila Jumamosi nilikwenda machinjioni na kopo langu. Wachinjaji walinizoea. "Madam wa minyoo amefika, mpeni mboga yake!" Nilipewa maini yaliyokataliwa na mkaguzi wa nyama, nikayapasua na kutoa minyoo bapa kama jani. Nilipewa tegu wa ng'ombe, mrefu kuliko mkanda wa suruali. Kwa wachinja nguruwe nikapata ile minyoo mviringo, myeupe, minene kama kalamu ya risasi. Nilitapika mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu nikazoea. Nilikuwa na chupa kumi na nne, za jemu na za kahawa, kila moja nimeijaza spiriti safi ya maabara ili mnyoo asioze, na nimebandika karatasi yenye jina lake na mchoro wa namna anavyoingia mwilini.

Spiriti hiyo niliipata kwa taabu. Kila nikiomba stoo naambiwa imepungua, ati walimu wengine wanatumia vibaya. Nikaomba kondensa pia, ule mrija wa kioo wa kupoza mvuke, ili nifanye zoezi la kutenganisha vimiminika. Mkuu mwenyewe akanijibu, "Pole Madam, ilivunjika mwaka jana." Nikafanya zoezi kwa sufuria na kifuniko kilichopinda, na tukajichekea.

Wiki moja kabla ya ukaguzi wa mwisho tulitawanywa mashuleni kufundisha kwa majaribio. Mimi nilipelekwa upande wa Saboti. Niliacha chupa zangu zimepangwa rafuni, na ufunguo wa maabara ulikaa kwa Mkuu. Tulirudi Ijumaa mchana tukakuta ameandaa karamu ya kutuaga: meza uwanjani, kuku, chapati, na ndoo kubwa ya juisi ya pasheni. Mimi ni mtu wa kanisa, pombe sijawahi kuigusa, nikauliza. "Ni juisi tu, Madam," Mkuu akasema, akanichotea mwenyewe. Ilinichoma koo. Nikasema ina tangawizi nyingi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mwalimu mmoja wa fizikia akaniambia, "Maliza bana, hiyo ni sayansi." Nilikunywa nusu kikombe kwa adabu, nikaenda kulala na kichwa chepesi.

Jumatatu asubuhi Mkuu alifungua maabara. Harufu ilitupokea mlangoni. Nilikimbilia rafu yangu. Chupa zote kumi na nne zilikuwa zimejaa, vifuniko vimefungwa vizuri, lakini kioevu kilikuwa kimekuwa cha kijivu na mapovu yamekaa juu. Tegu wangu alikuwa amelegea vipande vipande. Ile minyoo ya nguruwe ilikuwa imevimba na kupasuka. Nikafungua chupa moja, nikanusa. Maji! Mtu ametoa spiriti yangu na kutia maji ya mfereji.

Nikaingia chumba cha nyuma kutafuta spiriti ya kuokolea chochote. Na hapo, juu ya meza, nikaikuta kondensa iliyovunjika mwaka jana. Nzima kabisa, inameta, imeungwa kwenye flaski ya kioo na mpira wa maji, chini yake jiko la mafuta. Kando kulikuwa na maganda ya pasheni. Niliinua flaski nikaiangalia kwenye mwanga. Chini, kwenye utando wa kahawia, alikuwa amekauka mnyoo wangu mmoja wa ini.

Nilikimbilia nje. Nilitapika nyuma ya maabara mpaka nikatoa nyongo, nikatia vidole kooni nikatapika tena, ingawa tangu Ijumaa hakukuwa na kilichobaki cha kutapika.

Mkuu alinifuata. Hakuwa na haya hata chembe. "Madam, usijitese. Imechemshwa. Imepita kwenye kondensa. Kisayansi ni safi kuliko maji unayokunywa."

"Ulinipa minyoo!"

"Nilikupa mvuke wa spiriti. Stoo ilikuwa imeisha, na wenzako walikuwa na kiu ya mwaka mzima. Wote walijua isipokuwa wewe." Akatoa kitambaa kilichopigwa pasi akanipa nipanguse mdomo. "Sasa sikia. Mkaguzi anafika saa nne. Ukimweleza, mafunzo yanafungwa leo na hadubini zote kumi na mbili zinarudi zilikotoka. Ukisema ulijaza maji kwa kutojua, ni kosa dogo. Michoro yako ni mizuri. Utapita."

Nilikitupa kitambaa chake chini. Hilo ndilo jambo pekee la maana nililofanya siku ile.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwanasayansi kutoka Nairobi aliyetumwa na wafadhili, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alivumilia harufu. Alisoma kila karatasi yangu, chupa baada ya chupa, akawa anatikisa kichwa kwa kupendezwa na michoro. Kisha akauliza, "Mwalimu, umeihifadhi kwa kitu gani?"

Nilimtazama Mkuu. Alikuwa anapanga kalamu zake. Nikamfikiria yule msichana akitetemeka mbele ya hadubini ya kuazima.

"Maji," nikasema.

"Maji?" Alivua miwani. "Wewe ni mwalimu wa bayolojia. Hukujua kwamba minyoo itaoza?"

"Sikujua."

Alinitazama, na ile heshima niliyoiona usoni pake ikaondoka. Niliiona ikiondoka. Akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake na kwenda meza ya fizikia.

Nilipita. Alasiri nilikabidhiwa sanduku la mbao, na ndani, kwenye nyasi kavu, hadubini yenyewe, nyeusi, mpya, nzuri. Mkuu alisisitiza kunibebea mpaka langoni. Pale akaniwekea sanduku mikononi, akanisogelea kiasi cha kusikia pumzi yake. "Leo umekomaa, Madam," akasema. "Sasa wewe ni mtu wetu."

Na mimi, kwa mazoea ya malezi mema, nikamwambia asante.