Shimo Jeusi Hewani

Nilikuwa natangaza kipindi cha alasiri katika redio moja ya mjini, kipindi cha mambo ya nyumbani: mapishi, malezi, meno ya watoto. Wiki ile dunia ilipooneshwa picha ya shimo jeusi, ile pete ya mwanga wa rangi ya chungwa yenye kiza katikati, mkuu wangu alinipa karatasi mbili.

"Jumatatu waeleze watu hiki kitu," alisema. "Kwa Kiswahili chao."

Karatasi zilikuwa zimetafsiriwa na kompyuta. Nilisoma, nikarudia, sikuambulia kitu. Baya zaidi, pale katikati ya shimo, mahali panapoishia kila kilichoanguka, kompyuta ilipaita "upekee". Nikajiona nikilitamka neno hilo Unguja nzima inanisikiliza. Kwetu upekee ni wa Mwenyezi Mungu. Nani angenielewa?

Nikaenda Mbweni kwa mwalimu wangu wa fizikia wa sekondari, aliyekwisha kustaafu. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Si wewe uliyekuwa ukisinzia kwenye somo langu?"

"Ndiye mimi."

"Basi leo usisinzie."

Akanieleza huku mikono inaendelea na kazi. Ukitupa jiwe juu, linarudi. Ukilitupa kwa nguvu zaidi, linachelewa kurudi. Na upo mwendo ambao jiwe likiupata halirudi tena, linaiacha dunia. Sasa nyota kubwa mno ikifa, ikajiporomokea kwa uzito wake yenyewe, mwendo huo wa kutoka unapanda mpaka unaupita wa mwanga. "Na hakuna kinachokwenda mbio kuliko mwanga," alisema. "Basi hata wenyewe hautoki. Ndiyo ukaona kiza."

"Kwa hiyo linafyonza kila kitu?"

"Nani kakwambia? Jua letu lingegeuka shimo jeusi sasa hivi, kwa uzito ule ule, tungeendelea kulizunguka kama jana. Tungekufa kwa baridi, lakini tusingemezwa."

Nikamuuliza habari ya mtu aliyevuka mpaka wa shimo, pale ambapo hata mwanga haurudi. Akasema ukimwita kwa redio, wito wako unaweza kumfikia. Ila yeye akiitika, hiyo "naam" yake haitoki. Hutaisikia kamwe.

"Na pale katikati?"

Hapo aliuweka ungo chini.

"Pale hesabu zinagoma. Zinakwambia uzito wote umo mahali pasipo na ukubwa hata kidogo. Ni kama kugawa kwa sifuri. Mimi siamini kuwa ndivyo palivyo. Nnaamini hesabu zetu bado hazijatosha."

"Nipaiteje, Mwalimu?"

"Sema nukta. Lakini usiwadanganye watu kwamba yupo anayejua ilivyo."

Jumatatu nilieleza kama nilivyoelezwa, jiwe na yote. Kisha tukafungua simu. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja kutoka Tumbatu.

"Mwanangu, huyo anayeanguka, anaumia?"

"Inategemea shimo, bibi. Likiwa dogo, miguu inavutwa kuliko kichwa, mtu ananyooshwa kama tambi kabla hata hajafika. Likiwa kubwa kama lile la kwenye picha, anauvuka mpaka bila kuhisi kitu. Yatamkuta huko mbele."

Kisha akasema, "Bora kubwa," akakata simu.

Wa pili alikuwa mwanamme wa Bububu, sauti kavu. "Mnasema nukta haina ukubwa, na uzito wa nyota nzima umo. Kisicho na ukubwa kinakuwepo vipi?"

Nilimwona mkuu wangu nyuma ya kioo ananiashiria nijibu haraka. Jibu la kupambia lilikuwa mdomoni tayari. Kazi hii inakufundisha kuwa nalo.

"Sijui," nikasema. "Na wataalamu wenyewe hawajui. Wamefika hapo wakakwama."

"Ahsante," alisema yule bwana, na sauti yake ikalainika. "Nilidhani ni mimi tu nisiyefahamu."

Kipindi kilipokwisha mkuu wangu aliingia amenuna. "Mtangazaji hasemi sijui hewani." Akawa anataka kutoka, akasita mlangoni. "Hivi kweli hakuna anayejua?" Nikamwambia hakuna. Akavuta kiti, tukazungumza mpaka chai ikaletwa.

Kesho yake, Darajani, muuza samaki aliitambua sauti yangu nilipouliza bei ya samaki changu.

"Bi, hiyo nukta yenu, wakishaijua mtatwambia?"

"Tutawaambia."

"Inaweza kuchukua muda?"

"Pengine sisi tusiwepo."

Akatikisa kichwa, hakuonekana kukasirika. "Basi watoto watasikia," alisema, akaendelea kunipalia samaki wangu.