Vigae vya Darasa la Sita

Wiki jana mtungi wangu wa maji ulivunjika hapa mtaani Migosi, na ile harufu ya udongo uliolowa ikanipandisha hasira ya miaka ishirini. Nawaambia ninyi kwa sababu sijawahi kumwambia mtu.

Mwalimu wetu wa darasa la sita, pale Kaloleni, alipenda Kiingereza kigumu kuliko alivyotupenda sisi. Siku moja aliandika ubaoni kitenzi "ostracize", akakisoma kwa madaha kana kwamba amekizaa mwenyewe. Alisema kimetoka kwa Wagiriki wa kale, waliokuwa wakiandika kwenye kigae cha chungu jina la mtu wasiyemtaka mjini. Aliyepata vigae vingi alifukuzwa miaka kumi. Laiti angeishia hapo! Lakini akasema, "Kesho kila mtu alete kigae."

Niliketi dawati moja na Akoth, msichana aliyehamia kwetu muhula ule kutoka Asembo Bay. Dholuo, lugha ya kwao, kilikatazwa shuleni, naye kilimtoka kabla hajajizuia, na kila kilipomtoka darasa zima lilideki vyoo kwa adhabu. Watoto walimchukia. Mimi alinigawia omena, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kutoka mfuko wa sketi yake, na nilimpenda kweli.

Hata hivyo niliokota kipande cha chungu cha mama, nikaandika kwa makaa: Akoth. Niliogopa kwamba wakiniona namtetea, jina langu ndilo litafuata.

Mwalimu alivisoma vigae kimoja kimoja, akicheka. Vyote vilisema Akoth, isipokuwa kimoja kilichokuwa kitupu. Hicho kilikuwa cha Akoth mwenyewe.

"Mwalimu, sasa mimi nimekosea nani?" Akoth aliuliza.

"Hii ni lesson tu. Wewe toka, ukae huko nje mpaka Ijumaa."

Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi, akabeba begi lake, akaenda. Hakurudi tena. Baadaye tulisikia yuko kwao Asembo, anapaa samaki magamba ufuoni na mama yake saa za masomo.

Ukubwani nilisoma habari za Wagiriki wale, nikachemka upya. Vigae havikuwekwa ili kuwafukuza wanyonge. Waliofukuzwa hasa walikuwa wakubwa, watu wenye nguvu mpaka mji ukawaogopa, na hata hao waliachiwa mali yao, wakaruhusiwa kurudi. Sehemu hiyo mwalimu aliiruka, au hakuijua. Darasani mwetu mtu wa kuogopwa alikuwa mmoja tu, yule aliyeshika chaki, wala hakuna mtoto aliyeandika jina lake.